Clann: neno la watoto lililofanywa neno la mababu

Mtu akiulizwa kwa Kiayalandi "An bhfuil clann agat?" hajaulizwa anatoka ukoo gani. Ameulizwa kama ana watoto. Kapera mwenye binamu chungu nzima, na mwenye jina la familia lililokuwa maarufu tangu karne ya 11, atajibu kwamba hana. Mjane mwenye binti mmoja tu atajibu kwamba anaye. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya "clann" hadi leo, katika Kiayalandi na katika Kigaeli cha Uskoti vilevile: watoto wa mtu, wale aliowazaa. Hata mwanamke mjamzito, kwa Kiayalandi, husemwa kuwa "ag iompar clainne", yaani amebeba watoto, ingawa tumboni yumo mmoja na hajazaliwa.

Katika karne ya 15 Kiingereza kililichukua neno hilo, kikadondosha n moja, na kwa mlango wa Kiingereza likaenea duniani. Lakini lilipotoka kwao liligeuka uso. Kwa Wagaeli linatazama mbele, kwa waliozaliwa na watakaozaliwa. Kwa Waingereza, na kwa waliolipokea kutoka kwao, linatazama nyuma, kwa babu aliyekufa zamani ambaye watu wote wa kundi fulani wanadai kutoka kwake. Kugeuka huko si jambo dogo, maana neno lililogeuzwa hivyo ndilo lililotumiwa baadaye kuwaeleza Waskoti wa milimani, Waafghani, Waganda na Wasomali, kana kwamba wote ni watu wa aina moja.

Ajabu ni kwamba neno hili, ambalo wengi wangelitaja kwanza wakiulizwa neno la Kigaeli halisi, asili yake ni Kilatini. Limetokana na "planta": chipukizi, au pingili inayokatwa ili ikapandikizwe kwingine. Ukilitazama juujuu hutaamini, kwa kuwa p ya Kilatini imekuwa c. Maelezo yako katika historia ya sauti. Lugha za Kikelti zilipoteza p ya kale muda mrefu kabla ya Warumi kufika Uingereza. Baba, ambaye kwa Kilatini ni "pater", kwa Kiayalandi ni "athair". Samaki, "piscis", ni "iasc". Kilichojaa, "plenus", ni "lán". Kwa hiyo Waayalandi wa karne za 4 na 5 walipoanza kupokea maneno ya Kilatini, mengi yakija pamoja na Ukristo kutoka kwa Wabritoni wa ng'ambo ya bahari, walikutana na sauti wasiyokuwa nayo. Wakaweka badala yake sauti iliyo karibu katika masikio yao, kw, ambayo baadaye ikawa k. "Pascha" ikawa "Cáisc", na ndivyo Pasaka inavyoitwa hadi leo. "Purpura", rangi ya zambarau, ikawa "corcair". Hata mtakatifu mlinzi wa nchi hakuepuka: Patricius anaonekana katika maandishi ya kale kama Cothraige. "Planta" ikawa "cland", kisha "clann".

Vizazi vichache baadaye Waayalandi walikuwa wamekwisha kuizoea p. Patricius akapokewa upya kama Pádraig, na "pacem", amani ya kutakiana kanisani kwa busu, ikawa "póg", yaani busu lenyewe. Hivyo c ya "clann" ni kama mhuri wa tarehe: neno liliingia mapema, katika wimbi la kwanza. Huko Wales, kwa wazao wa Wabritoni, ambao walikuwa wamekwisha kupata p mpya, neno hilohilo lilibaki "plant", na maana yake pia ni watoto. Inaelekea, basi, kwamba Wabritoni ndio waliotangulia kuwaita watoto vichipukizi, nao Waayalandi wakapokea neno likiwa tayari na maana hiyo. Msemaji wa Kiswahili, anayemwita kijana chipukizi, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Masimulizi ya Ayalandi yanaonyesha maana hiyo kwa uwazi kuliko kamusi. Kuna hadithi tatu ambazo Waayalandi huziita huzuni tatu za usimulizi, na zote tatu zina neno "clann" katika majina yake: mauti ya Clann Uisnigh, ya Clann Tuireann na ya Clann Lir. Hakuna hata moja inayohusu ukoo. Clann Uisnigh ni ndugu watatu, wana wa Uisneach: Naoise, Ainnle na Ardán. Clann Lir ni watoto wanne, Fionnuala, Aodh, Fiachra na Conn, ambao mama yao wa kambo Aoife anawageuza mabata-maji kwa wivu. Wanaishi hivyo miaka 900: 300 katika ziwa Derravaragh, 300 katika mlangobahari wa baridi kali baina ya Ayalandi na Uskoti, na 300 katika bahari ya magharibi. Fionnuala, dada mkubwa, huwakumbatia wadogo zake chini ya mbawa zake usiku wa tufani. Sanamu ya watoto hao, iliyochongwa na Oisín Kelly, imesimama tangu 1971 katika bustani ya kumbukumbu mjini Dublin, mahali pa kuwaenzi waliokufa wakipigania uhuru. Taifa lilipotafuta ishara ya watu walioteseka kwa karne nyingi na kisha wakarudi katika umbo lao, lilichagua watoto.

Maana ilipanuka kwa hatua ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua vizuri. Biblia ya Kigaeli inawaita Waisraeli "clann Israeil", kama yetu inavyosema wana wa Israeli. Wanadamu wote ni "clann Ádhaimh", watoto wa Adamu. Kiarabu kina "banu" kwa koo zake, wana wa fulani, na kutoka humo Kiswahili kilipata neno binadamu. Mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe: wote bado ni watoto wa yule mmoja, hata akiwa amekufa miaka 300 iliyopita. Ndivyo jina la watoto lilivyokua likawa jina la jamaa nzima bila kuacha kuwa jina la watoto.

Wala "clann" halikuwa neno pekee wala la kwanza kwa kazi hiyo. Katika mawe ya ogham, yaliyochongwa kati ya karne ya 4 na ya 7 na kupatikana zaidi kusini mwa Ayalandi, jina la marehemu hufuatwa na "maqi", yaani mwana wa, na mara nyingine na "mucoi", neno la jamaa ya kale lililokuja kutoweka. Baadaye zikashamiri namna nyingine: "cenél", jamaa, "síl", mbegu, "uí", wajukuu. Tawi moja la wafalme wa Uí Néill, lililotawala katikati ya kisiwa, lilijulikana kama Clann Cholmáin. Wanasheria wa kale walipotaka kusema nani arithi ardhi na nani alipe fidia ya damu, hawakutumia "clann" hata kidogo. Walitumia "fine", na kipimo chao kilikuwa "derbfine", wanaume wote waliotokana na baba mmoja wa babu zao. Hesabu ikifika hapo inakoma. "Clann" haikuwa na kikomo cha namna hiyo, na huenda ndiyo sababu ilifaa siasa kuliko mahakama.

Ushahidi wa mapema wa neno hili katika ardhi ya Uskoti umo pembezoni mwa Kitabu cha Deer, kitabu kidogo cha Injili ambamo watawa wa Aberdeenshire, katika karne ya 12, waliandika kwa Kigaeli kumbukumbu za mashamba waliyopewa. Miongoni mwa waliotoa wametajwa "toísech" wa Clann Channan na "toísech" wa Clann Morgainn. Neno "toísech", lenye maana ya kiongozi, kwa tahajia ya leo ni "taoiseach", na tangu katiba ya 1937 ndicho cheo cha waziri mkuu wa Ayalandi.

Nyanda za Juu za Uskoti ndiko neno lilikofanya kazi kubwa kuliko kwingine kote. Clann Dòmhnaill walijiita hivyo kwa jina la Dòmhnall, mjukuu wa Somhairle aliyeuawa 1164, nao walitawala visiwa vya magharibi kama wafalme wadogo hadi taji la Uskoti lilipowanyang'anya milki hiyo mwaka 1493. Mwaka 1396, mbele ya mfalme Robert III, wanaume 30 wa Clan Chattan na 30 wa jamaa adui walipigana katika uwanja wa Perth ili kumaliza ugomvi wao, wakauana karibu wote. Ni visa kama hivyo vilivyowapa majirani wao wa tambarare picha waliyoipenda: watu wa milimani, watu wa damu.

Lakini damu haikuwa kitu cha pekee kilichowaunganisha, na hapa ndipo wengi hukosea. Wakuu wa koo wenyewe hawakuwa wote wa asili ya Kigaeli. Ukoo wa Fraser ulitoka Ufaransa, na wa Stewart Brittany. Walioishi katika ardhi ya mkuu na kumfuata vitani walilichukua jina lake, na wajukuu zao wakawa wa jina hilo kweli. Kisha kulikuwa na malezi. Mkuu aliwapeleka wanawe wakalelewe katika nyumba za watu wake, na mtoto wa kulea, "dalta", alifungwa na nyumba hiyo maisha yote, mara nyingi kwa kifungo kilichohesabiwa kuwa kizito kama cha kuzaliwa. Kwa hiyo mkulima aliyejiita wa "clann" ya fulani hakuwa anadai nasaba tu. Alikuwa anadai haki ya mtoto. Haki hiyo ilikuwa na jina, "dùthchas": kwamba aliyekaa katika ardhi kizazi baada ya kizazi hawezi kufukuzwa humo na yule anayemwita baba. Haikuandikwa popote katika sheria za Edinburgh. Sheria za Edinburgh zilitambua hati.

Watawala waliotaka kuuvunja mfumo huu walijua pa kuugusa. Maazimio ya Iona ya 1609 yaliwalazimisha wenye ng'ombe 60 au zaidi kumpeleka mwana wa kwanza, au binti kama hawana mwana, akasome tambarare hadi ajue kusema, kusoma na kuandika Kiingereza. Ilichukua vizazi, lakini ilifaulu: wakuu wa karne ya 18 wengi walikuwa mabwana wa London na Edinburgh, wenye madeni ya London na Edinburgh. Vita vya Culloden, ambapo jeshi la serikali liliwashinda waasi wa Nyanda za Juu tarehe 16 Aprili 1746, vilivyokwisha kwa muda usiofika saa moja, vilimalizia kazi iliyokuwa imeanza zamani. Sheria iliyofuata iliwanyang'anya wakuu mamlaka ya kuhukumu kuanzia 1748. Nyingine iliwakataza wanaume kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, na haikufutwa hadi 1782.

Mkuu asiyeweza tena kuita askari hakuwa na faida na watu wengi. Alihitaji kodi, na kondoo walilipa kodi kuliko watu. Mwaka 1814, katika bonde la Strathnaver huko Sutherland, wakala wa mashamba Patrick Sellar aliwaondoa wapangaji na nyumba zao zikachomwa moto. Alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa kuua na kuchoma, akaachiwa. Mwenye ardhi alikuwa Countess wa Sutherland, mrithi wa ukoo wenyewe. Maelfu walihamia pwani yenye mawe au wakapanda meli kwenda Kanada. Hapo ndipo neno lilipouma. Aliyefukuzwa na mgeni hupoteza shamba. Aliyefukuzwa na mkuu wa "clann" yake alipoteza shamba pamoja na maana ya jina aliloitwa, kwa kuwa mzazi alikuwa amewakana watoto. Ni mwaka 1886 tu, baada ya migomo ya kodi na makabiliano na polisi katika kisiwa cha Skye, ambapo bunge liliwapa wakulima wadogo waliobaki usalama wa kukaa katika ardhi yao.

Mwaka uleule nyumba za Strathnaver zilipoungua, Walter Scott alichapisha riwaya yake "Waverley", na Ulaya nzima ikaanza kuwapenda watu ambao walikuwa wakiondolewa. Mwaka 1815 jumuiya ya Nyanda za Juu ya London iliwaomba wakuu walete sampuli za kitambaa cha mirabaraba cha koo zao. Wengi hawakuwa na habari kwamba wana kitambaa maalumu. Mwaka 1822 mfalme George IV alitembelea Edinburgh akiwa amevaa sketi ya mirabaraba, katika sherehe zilizopangwa na Scott. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojidai kuwa wa damu ya kifalme walichapisha kitabu cha vitambaa vya kila ukoo, eti kilichonakiliwa kutoka hati ya kale. Kilikuwa cha kughushi. Baadhi ya mitindo iliyomo inauzwa madukani hadi leo. Si haki kumcheka mtu wa Kanada anayenunua kitambaa cha jina lake, maana babu zake walifukuzwa kweli. Lakini alichouziwa ni mababu, na neno lililowaita hao babu watoto limeachwa nje ya duka. Lugha yenyewe ilikuwa inazama: mwaka 1891 Uskoti ilikuwa na wasemaji wa Kigaeli robo milioni na ushei, sensa ya 2022 ilikuta karibu 70,000.

Sura mbaya kuliko zote ilikuwa Marekani. Mwishoni mwa 1865, katika mji wa Pulaski, Tennessee, askari wa zamani wa jeshi la kusini waliunda chama cha siri, Ku Klux Klan, wakaunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya duara na "clan", wakaliandika kwa K ili zifuatane tatu. Chama hicho cha kwanza, kilichowaua na kuwatisha Waafrika-Wamarekani waliotoka utumwani, hakikuchoma misalaba. Desturi hiyo ilitoka vitabuni. Scott alikuwa amesimulia katika utenzi wake wa 1810 jinsi msalaba wa moto, "crann-tàra", ulivyopelekwa mbio kijiji hadi kijiji kuwaita wanaume vitani. Thomas Dixon akauhamishia katika riwaya yake "The Clansman" ya 1905. Filamu ya 1915 iliyotokana na riwaya hiyo ikauonyesha. Na mwaka huohuo chama kilichofufuliwa Georgia kikauwasha kweli. Neno la kuwataja watoto lilikuwa sasa limechorwa juu ya hofu ya watoto wa watu wengine.

Njia iliyolileta neno Afrika ni tulivu zaidi, ila nayo inapita kwa Scott. Mwaka 1816, akihakiki kitabu cha nyaraka za Culloden, alilinganisha kwa kirefu koo za Uskoti na makabila ya Afghanistan, ambayo Mountstuart Elphinstone alikuwa ametoka kuyaandikia kitabu. Kuanzia hapo msomaji wa Kiingereza alikuwa na fungu tayari la kuwatia watu wa mbali, na maofisa, wamisionari na wanazuoni walilitumia kote walikokwenda. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha 1911 kuhusu Baganda, alitafsiri "ekika" kuwa "clan". Tafsiri ilishika, na Mganda mwenyewe akisema Kiingereza leo hana neno jingine.

Kilichopotea ni picha za ndani. "Ekika" hugawanyika katika "amasiga", mafiga, yale mawe ya jikoni. Kila figa hugawanyika katika "emituba", miti ambayo ganda lake hutengenezwa nguo. Kisha inakuja "olunyiriri", mstari, na "oluggya", ua wa nyumba. Mganda anapojitambulisha rasmi hupanda ngazi hizo kwa majina: baba, babu, mtuba, figa, hadi mwenye ekika. Mtu wa ekika cha Mmamba hali samaki kamongo, na kwa kawaida Mganda haoi mtu wa ekika chake. Wagaeli hawakuwa na miiko ya namna hiyo. Binamu wa ukoo mmoja walioana bila shida. Mifumo miwili inayotofautiana katika jambo kubwa kama ndoa imepewa jina moja, na mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza hawezi kuijua tofauti hiyo kwa kulitazama jina.

Kwa Wasomali tafsiri ina uzito wa madaraka. I. M. Lewis, mwanazuoni mwenye jina la Kiwelshi aliyesoma Chuo Kikuu cha Glasgow, alieleza katika kitabu chake cha 1961 jinsi wafugaji wa kaskazini walivyojipanga kwa nasaba ya baba, na neno lake la msingi lilikuwa "clan". Wasomali wenyewe wana "qabiil", ndugu wa neno la Kiswahili "kabila". Wana "reer", watu wa fulani. Wana "jilib", goti, kwa tawi dogo. Na mtoto hufundishwa "abtirsiinyo", kuhesabu majina ya baba zake kwenda juu. Tangu mkutano wa Arta nchini Djibouti mwaka 2000, siasa ya nchi imegawanywa kwa kanuni iitwayo 4.5: makundi manne makubwa kwa usawa, na yaliyobaki yote kwa pamoja nusu fungu. Katika bunge la viti 275 la mwaka 2016 hiyo ilimaanisha viti 61 kwa kila kundi kubwa na 31 kwa wengine wote.

Wanawake walikuwa wameahidiwa asilimia 30 ya viti hivyo. Walipata karibu 24. Sababu moja iliyotajwa mara kwa mara na wazee waliogawa viti ilikuwa ndoa: binti aliyeolewa katika kundi jingine atalitetea la baba yake, au la mumewe na watoto wake?